Newton yuko kwenye rafu ya unga

Saa kumi na moja alfajiri jijini Nairobi, milango ya supamaketi ingali imefungwa na nusu ya taa hazijawashwa. Kijana aliyevaa fulana ya sare anatoka stoo akivuta jeki ya paleti. Juu ya paleti kuna beli 40 za unga wa mahindi, na kila beli ina pakiti 12 za kilo 2. Jumla ni kilo 960, karibu tani moja. Anauegemea mpini kwa mwili wake wote, na kwa sekunde mbili tatu hakuna kinachosogea. Kisha magurudumu yanalia, paleti inaanza kutambaa, na kuanzia hapo inamfuata kama ng'ombe aliyezoea njia ya mtoni. Shida inamngoja mbele, karibu na mnara wa chupa za asali: sasa ataisimamishaje?

Hajanywa chai bado, na tayari ameijaribu Sheria ya Kwanza ya Newton. Sheria hiyo inasema kitu kilichotulia huendelea kutulia, na kilicho mwendoni huendelea na mwendo wake, mpaka kani kutoka nje ikilazimishe kubadilika. Isaac Newton aliichapisha kwa Kilatini mwaka 1687. Kijana huyu ameisoma kwa viganja.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipanga mali rafuni kwa miezi saba nikisubiri kuingia chuoni. Baadaye nilisomea fizikia, kisha nikaifundisha. Kila mada niliyoiandika ubaoni nilikuta nimeshaibeba begani, nimeshaikanyaga kwenye sakafu yenye maji, au nimeshaiokota vipande vipande chini ya rafu ya sosi. Ndiyo maana hushtuka nikisikia kazi hii ikiitwa kazi ya mtu asiye na ujuzi. Makala hii ni ushahidi wangu dhidi ya usemi huo.

Rafu haizai

Zamani mteja hakugusa bidhaa. Alisimama mbele ya kaunta, akataja anachotaka, na mwenye duka akamletea, kama tunavyofanya hadi leo kwenye vioski vya mitaani. Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly mjini Memphis, Marekani, ambamo mteja alichukua kikapu na kupita mwenyewe kati ya rafu. Hapa Kenya, kampuni ya supamaketi ya Uchumi ilianzishwa mwaka 1975 na kuwazoesha wakazi wa mijini mtindo huo huo. Tangu hapo rafu ndiyo muuzaji, na anayeipanga ndiye anayempa muuzaji huyo sauti.

Mwaka 2017 tuliona kinachotokea sauti hiyo inapokatika. Rafu nyingi za kampuni ya supamaketi ya Nakumatt zilibaki tupu kwa sababu waliokuwa wakiiletea bidhaa walikuwa wanadai malipo yao. Taa ziliwaka, sakafu iling'aa, wahudumu walikuwepo, lakini duka lisilo na kitu rafuni ni ukumbi tu. Mwembe huzaa ukilala usingizi. Rafu haizai. Kila kilicho juu yake kilinyanyuliwa na mkono wa mtu, na pale mkono unaponyanyua ndipo fizikia inapoingia kazini.

Paleti hubembelezwa

Turudi kwa kijana wetu na chupa za asali. Mzigo wake, ukijumlisha paleti na jeki, unazidi kilo 1,000 kidogo, na unatembea mwendo wa mtu asiye na haraka, mita moja kwa sekunde. Akiusimamisha taratibu kwa sekunde moja nzima, anahitaji kani ya takriban newton 1,000, sawa na uzito wa kilo 100. Akishtuka na kutaka usimame kwa robo ya sekunde, anahitaji newton 4,000, yaani uzito wa kilo 400. Hakuna mgongo wa binadamu uliotengenezwa kwa ajili hiyo. Paleti itashinda na asali itamwagika. Haraka haraka haina baraka ni methali, na pia ni Sheria ya Pili ya Newton: kadiri unavyotaka kuubadilisha mwendo wa kitu kwa muda mfupi, ndivyo kani unayodaiwa inavyokuwa kubwa.

Mzee aliyetufunza kazi stoo hakuwa na habari na hesabu hizo. Aliniambia, "Kijana, paleti haivutwi, hubembelezwa." Alianza kupunguza mwendo mita tatu kabla ya kona, akauzungusha mpini polepole, na paleti ikatua mahali pake kama kuku anayeatamia. Katika miezi saba sikumwona akiangusha hata chupa moja.

Kuanza nako ni kugumu kuliko kuendelea, kwa sababu msuguano kati ya vitu vilivyotulia huwa mkubwa kuliko msuguano wa vitu vinavyosogea. Katoni ya chumvi iliyokaa sakafuni hugoma, hugoma, kisha hukubali ghafla, na aliyekuwa akiisukuma kwa hasira hujikuta amelala juu yake. Mwaka 1699 Mfaransa Guillaume Amontons alieleza kwamba msuguano hutegemea uzito unaogandamiza, na haujali ukubwa wa eneo linalogusana. Mwenzangu mmoja aliwahi kuigeuza katoni ya sabuni mara tatu, ubavu mpana, ubavu mwembamba, kisha kichwa chini, akitafuta upande mwepesi wa kusukuma. Katoni haina upande mwepesi. Dawa ni kutoa sabuni chache au kutafuta magurudumu.

Sheria ya Tatu, ile ya kila tendo na tendo pinzani, mpanga mali huijua kwa nyayo. Ili uisukume katoni mbele, lazima miguu iisukume sakafu nyuma, na sakafu nayo ikusukume wewe. Mafuta ya kupikia yakimwagika, makubaliano hayo yanavunjika: miguu inateleza bila kuisukuma sakafu, na sakafu haina cha kujibu. Kile kibao cha manjano cha kutahadharisha utelezi kina maana moja tu, kwamba leo msuguano hayupo kazini. Tafadhali usikiruke.

Aliye juu mngoje chini

Chupa ya sosi ikianguka kutoka rafu yenye kimo cha mita 1.8, hufika sakafuni kwa sekunde 0.6, ikiwa na kasi ya takriban kilomita 21 kwa saa, mwendo wa baiskeli inayokanyagwa kwa bidii. Binadamu huhitaji kama robo ya sekunde kuona jambo na kuanza kuitikia. Kufikia hapo chupa imeshashuka sentimita 30. Sekunde 0.35 zilizobaki ndizo za kunyoosha mkono, na mkono wenyewe kwa kawaida umeshika chupa nyingine mbili. Kwa hiyo ushauri wa Mzee ulikuwa mfupi na sahihi: "Kikianguka kiache. Wewe okoa mguu."

Galileo alifundisha kwamba pasipo hewa, kizito na chepesi huanguka sawasawa. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa safari ya Apollo 15 aliangusha nyundo na unyoya juu ya mwezi, na vikatua pamoja. Hata supamaketi, penye hewa tele, kopo la maharagwe na furushi la karatasi za chooni vikianguka kutoka rafu moja hufika karibu pamoja. Tofauti yao huonekana vinapogusa kidole cha mguu. Ndiyo maana mtungi wa lita 20 wa mafuta, wenye kilo 18 na ushee, huwekwa rafu ya chini kabisa, na karatasi zikapewa ghorofa ya juu. Mpangilio huo hulinda vidole, na pia huishusha chini sehemu uzito wa rafu nzima unapokutana, ili mtoto akiparamia ubavuni isimwelemee.

Sehemu hiyo huitwa kitovu cha uzito. Kitu husimama maadamu mstari ulionyooka kutoka kitovu chake hadi chini unapita ndani ya kitako chake. Kanuni hii ina uchawi wake, na wapanga mali wenye mkono mwepesi wameugundua wakicheza na miche ya sabuni saa za usiku. Chukua miche minne yenye urefu sawa uipange kwenye ukingo wa rafu. Wa juu kabisa utokeze nusu ya urefu wake mbele ya wa pili. Wa pili utokeze robo mbele ya wa tatu, wa tatu sehemu moja ya sita mbele ya wa nne, na wa nne sehemu moja ya nane nje ya ukingo. Ukijumlisha unapata zaidi kidogo ya urefu wa mche mzima. Mche wa juu wote uko hewani, nje ya rafu, na hauanguki! Ukitaka kutokeza urefu wa miche miwili, utahitaji miche 31. Kwa urefu wa mitatu, utahitaji miche 227. Hesabu inaruhusu kuendelea bila kikomo. Supavaiza haruhusu, na ana haki, kwa sababu mnara wa namna hiyo husimama ukingoni kabisa mwa kuanguka, na mteja akipiga chafya umekwisha.

Hali ni hiyo hiyo kwa ile piramidi ya makopo ya maziwa ya unga iliyo karibu na mlango. Safu tano zina makopo 55: 25 chini, kisha 16, 9, 4, na moja kileleni. Kujenga huchukua nusu saa ya mtu aliyepiga magoti. Na katika kila mji kuna mteja ambaye, kati ya makopo yote hayo, hulitaka lile la safu ya chini, pembeni. Nimemwona kwa macho yangu, na naamini hata wewe msomaji umemwona. Mteja huyo huamini kwamba makopo ya juu ni ya maonyesho.

Upande wa matunda kuna somo lenye historia ndefu zaidi. Mwaka 1611 Johannes Kepler alidai kwamba hakuna namna ya kupanga mipira iliyo sawa inayojaza nafasi kuliko ile ya mafungu ya machungwa sokoni, ambapo kila chungwa la juu hukaa kwenye bonde kati ya yale ya chini. Mpango huo hujaza takriban asilimia 74 ya nafasi. Wanahisabati walihangaika na dai hilo kwa karibu karne nne. Thomas Hales alitangaza uthibitisho mwaka 1998, na mwaka 2014 ukaguzi wa uthibitisho huo kwa kompyuta ukakamilika. Nenda soko la Kongowea, Mombasa, alfajiri yoyote, umtazame mama anayepanga machungwa. Hamngoji Kepler wala Hales. Mkono wake unalitafuta bonde wenyewe.

Krispi zilizopanda kutoka Pwani

Kuna asubuhi nilifungua katoni ya krispi iliyotoka Mombasa nikazikuta pakiti zimevimba kama zimekasirika. Tulidhani zimeharibika. Hazikuwa na ila yoyote.

Mombasa iko usawa wa bahari, na Nairobi iko karibu mita 1,800 juu yake. Kadiri unavyopanda, ndivyo hewa iliyo juu yako inavyopungua, na mgandamizo wake Nairobi ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na wa Pwani. Hewa iliyofungiwa ndani ya pakiti haina habari kwamba imesafiri. Inaendelea kusukuma kwa nguvu za Mombasa, huku hewa ya nje ikisukuma kwa nguvu za Nairobi, basi pakiti inatanuka. Robert Boyle aliieleza kanuni hiyo mwaka 1662: mgandamizo ukishuka, ujazo wa gesi hupanda, halijoto ikibaki ile ile. Kwa mpanga mali maana yake ni kwamba rafu huwa fupi ghafla. Unaisukuma pakiti ya mwisho kushoto, ya kwanza inaruka kulia.

Zinazofungwa Nairobi na kuteremshwa Pwani hukumbwa na kinyume chake. Hufika zimenywea, na mteja wa Mombasa akizishika humlaumu mwenye kiwanda kwamba amepunja. Gramu za viazi ni zile zile zilizoandikwa. Kilichobadilika ni upana wa gesi, ambayo kwa kawaida ni naitrojeni iliyowekwa kusudi ili krispi zisivunjike wala mafuta yake yasichache.

Maji yakimwagika hayazoleki

Sheria inayotawala kazi hii kuliko zote ni ile ya pili ya themodinamiki. Rudolf Clausius aliipa dunia neno entropia mwaka 1865, na Ludwig Boltzmann akaonyesha maana yake kwa kuhesabu namna ambazo vitu vinaweza kupangika. Kanuni yake imechongwa kwenye kaburi lake mjini Vienna. Kiini chake ni hiki: namna za kuwa ovyo ni nyingi mno kuliko namna za kuwa sawa, kwa hiyo mambo yakiachwa yenyewe huelekea kwenye ovyo.

Chukua bidhaa kumi tofauti zilizopangwa kwenye mstari mmoja: chumvi, majani ya chai, kiberiti na nyinginezo. Zinaweza kupangwa kwa namna 3,628,800. Namna iliyo sahihi, inayolingana na vibandiko vya bei, ni moja tu. Kama mteja angehamisha vitu na kupata mpangilio mpya kila sekunde, bila kulala, angehitaji wiki sita kamili kuzimaliza namna zote. Hiyo ni safu moja ya rafu moja. Mteja hana nia mbaya. Akishika kopo, akabadili mawazo na kuliweka popote, uwezekano wa popote hapo kuwa mahali pake ni mdogo sana. Ikifika saa mbili usiku wa mwisho wa mwezi, duka zima limesogea hatua moja kuelekea ovyo, na vijana sita wenye fulana za sare wanatumwa kulirudisha.

Mpanga mali ana adui mwingine ndani ya sheria hii, na huyo ni mkono mrefu. Kazi yetu ilikuwa kuweka mzigo mpya nyuma na wa zamani mbele, ili kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Wateja wengi wanalijua hilo. Basi huingiza mkono mpaka begani, wakapapasa ukuta wa friji, na kuvuta pakiti ya maziwa ya nyuma kabisa yenye tarehe ya mbali. Asubuhi tunavuta mbele, mchana wanavuta nyuma. Nimeona akina mama wakiifanya kazi hiyo kwa ustadi wa daktari wa upasuaji, na siwalaumu, kwa kuwa shilingi ni yao. Nawaomba tu wakumbuke kwamba pakiti za mbele zikiachwa zote, mwisho wake ni pipa la taka, na gharama ya pipa hilo huingia kwenye bei.

Mfano mchungu zaidi ni wa maziwa yaliyoachwa kati ya sabuni. Mteja ameyachukua kwenye friji, akafika upande wa sabuni, akahesabu pesa na kuona hazitoshi. Ameyaweka pale pale. Kuanzia dakika hiyo joto la chumba linaingia kwenye pakiti lenyewe, bila kusukumwa na mtu. Mhudumu akiyakuta baadaye hawezi kujua yamekaa pale muda gani. Akiyarudisha kwenye friji yatapoa, lakini bakteria waliokwisha kuzaliana hawarudi walikotoka. Lazima yatupwe. Wahenga walikuwa na sheria hii kabla ya Clausius: maji yakimwagika hayazoleki.

Ipo, haipo

Kuna swali ambalo kila mhudumu huulizwa: "Kwani hamna nyingine stoo?" Kompyuta inasema zimebaki nne. Rafuni hakuna hata moja. Mwaka 1935 Erwin Schrödinger alieleza mfano wa paka aliyefungiwa sandukuni, ambaye kwa hesabu za fizikia ya chembe angekuwa hai na mfu kwa pamoja mpaka mtu afunue. Lengo lake lilikuwa kuonyesha jinsi hesabu hizo zinavyoleta ajabu zikipelekwa kwenye vitu vikubwa. Sasa mhudumu anatembea kuelekea stoo akiwa amebeba paka huyo kichwani: bidhaa ipo kwa kompyuta, haipo kwa macho.

Jibu huwa la kawaida. Moja imevunjika na haikuandikwa, nyingine imeibwa, nyingine ilipigwa mashine kwa jina la bidhaa nyingine, na ya nne iko kwenye rafu ya nepi. Lakini safari ya kwenda kuangalia ni ya kweli, kwa miguu ya kweli, na kwa siku moja hurudiwa mara nyingi. Ukiambiwa "ngoja nikuangalizie," jua umefanyiwa hisani.

Mzigo wa mwenzio

Nimeliacha neno moja mpaka mwisho, neno kazi. Katika fizikia, kazi ni kani ukizidisha kwa umbali ambao kitu kimesogea kuelekea upande wa kani hiyo. Kunyanyua beli ya kilo 24 kwa kimo cha mita moja ni kazi ya jouli 235 hivi. Beli 100, yaani unga wa kilo 2,400, ni jouli 23,500, na hizo ni chini ya kilokalori 6. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina kama kilokalori 16. Kwa hesabu hiyo, aliyenyanyua beli 100 amejipatia haki ya kula theluthi moja ya kijiko cha sukari.

Kuna hesabu inayoshangaza zaidi. Akiibeba beli kutoka stoo hadi rafuni, mita 40 kwenye sakafu tambarare bila kuipandisha wala kuishusha, kazi aliyoifanyia beli dhidi ya mvuto wa dunia ni sifuri. Akisimama ameishika kwa dakika kumi akisubiri mteja apishe toroli, sifuri. Akiipandisha rafuni, supavaiza akabadili nia na kumwambia airudishe chini, jumla ni sifuri tena.

Fizikia haikosei hapo. Imepima kilichotokea kwa beli, na haikupima kilichotokea kwa mtu. Msuli ulioshika mzigo haukai kama ndoano ya chuma ukutani. Nyuzi zake hukaza na kulegea, hukaza na kulegea, kila mara zikichoma chakula na kutoa joto, hata mzigo usiposogea. Hata mzigo unapopanda, takriban robo tu ya nishati ya msuli ndiyo huingia kwenye mzigo, na iliyobaki huwa joto na jasho. Juu ya hayo, kila akiinama na kuinuka ananyanyua kiwiliwili chake pia. Waswahili walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na nimeona jinsi hesabu nayo inavyoweza kuugeuza mzigo kuwa usufi, ikiandikwa na mtu asiyeubeba.

Kuna hesabu nyingine ambayo ningependa ibandikwe kwenye ukuta wa kila stoo. Uti wa mgongo hufanya kazi kama wenzo. Misuli ya kiuno huvuta ikiwa umbali wa takriban sentimita 5 tu kutoka kwenye pingili. Mtu akiishika beli sentimita 40 mbele yake, mzigo una wenzo mrefu mara nane kuliko misuli, kwa hiyo misuli hulazimika kuvuta kama iliyobeba kilo 192. Akiikumbatia karibu, sentimita 20, hushuka hadi kilo 96. Mzee wa stoo alituambia, "Ikumbatie kama mtoto." Alikuwa anatupunguzia nusu ya mzigo, na mimi nilielewa miaka kadhaa baadaye nikiwa na chaki mkononi.

Ujuzi wa mfanyakazi peke yake hautoshi. Mwaka 1991 taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayochunguza usalama wa wafanyakazi, iliipitia upya kanuni yake ya kunyanyua mizigo kwa mikono. Kikomo chake ni kilo 23, na hiyo ni pale hali zote zinapokuwa nzuri: mzigo uko karibu na mwili, uko kimo cha kufikika bila kuinama, una pa kushika, mtu hajipindi wala harudii mara nyingi. Sharti moja likikosekana, kikomo hushuka. Beli yetu ina kilo 24, haina pa kushika, iko sakafuni, na inanyanyuliwa tena na tena kabla jua halijachomoza. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumjeruhi.

Kwako mteja nina ombi dogo. Maziwa usiyoyahitaji yarudishe kwenye friji mara moja, au mkabidhi mhudumu na umweleze. Kopo chukua la juu. Na aliyekwenda stoo kwa ajili yako, akirudi mikono mitupu, mwambie asante.

Ombi kubwa ni kwa wenye viwanda vya unga na wenye supamaketi. Wekeni pakiti 10 kwenye beli badala ya 12. Itakuwa kilo 20. Bado si nyepesi, na bado itahitaji jeki, mafunzo na watu wa kutosha wa kusaidiana, lakini itakuwa imeshuka chini ya kilo 23, kikomo cha hali nzuri ambacho leo tunakivuka kila alfajiri. Mnunuzi bado atapata pakiti yake ya kilo 2, na bei haina sababu ya kupanda kwa ajili ya karatasi ya kufungia. Pakiti mbili zikitoka, mgongo wa aliyezibeba utakuwa umesikilizwa.